Nusu ya Nyumba ya Bwana Mvua

Guangzhou,
Jumapili, tarehe 9 Aprili 2006.

Nyanya mpendwa,

Naahidi kukueleza yote, hata yale ambayo Baba angependa yachelewe kukufikia. Ulinifundisha kwamba barua inayoficha jambo moja huharibika yote, kwa kuwa msomaji hulinusa hilo moja na kuyaacha mengine. Basi sitaficha. Pale nitakapokosea lugha utanisamehe. Huku nasoma kila kitu kwa Kichina, na Kiswahili changu hakina mwalimu tena.

Nimechelewa kuandika, nami najua. Wiki iliyopita Xiaoyan, ninayeketi naye dawati moja, hakuja shuleni siku moja. Walikwenda kijijini kwao kufagia makaburi ya wazee wao, kama watu wa hapa wafanyavyo kila mwaka wakati huu. Aliporudi aliniambia wamemchomea nyanya yake nyumba ya karatasi ya ghorofa mbili, yenye gari mlangoni na mpishi wa karatasi jikoni. Moshi ukishapanda, nyumba imefika. Kisha akaniuliza, "Wewe wa kwenu umempelekea nini?" Nikamwambia bado. "Mwaka mzima, bado?" Hakusema kwa ubaya. Alisema kama mtu anayemuuliza mwenzake kwa nini hajala.

Sisi hatuchomi nyumba. Lakini nakumbuka ulivyokuwa ukimwandikia Babu barua kila Krismasi na kuiweka ndani ya Biblia bila bahasha. Nilipokuuliza nani ataipeleka, ulisema, "Kuandika ndiko kupeleka." Kwa hiyo napeleka.

Lililo zito ndilo hili. Nyumba yako huenda ikang'olewa na kuletwa huku Guangzhou vipande vipande. Jumamosi ijayo watu wazima watakubaliana kwa simu, na mimi ndiye nitakayetafsiri.

Nimesimama kidogo, nimekwenda kunywa maji. Sasa naendelea.

Ilianza na madirisha. Unajua Baba kila mara alisema madirisha yako yanaingiza baridi, na wewe ukamjibu kwamba baridi nayo ina haki ya kutembelea watu. Alipiga zile picha za nyumba Krismasi yako ya mwisho ili akija huku aagize ya alumini yanayolingana. Halafu ukaugua. Halafu akaja kukuzika peke yake, kwa sababu tiketi ilikuwa ya mtu mmoja na mimi nilikuwa na mitihani. Hivyo ndivyo nilivyoambiwa. Nilikubali kwa mdomo, Nyanya. Nilifanya mtihani wa hesabu siku ile ile waliyokushusha, na nilifaulu, na sijapata kuisamehe karatasi ile.

Baba alirudi na picha zako mfukoni. Akakaa nazo miezi mingi bila kuzitoa. Mwezi uliopita akazitoa, tukaenda kwa Bosi Chen.

Bosi Chen ana duka la milango, madirisha na masinki ndani ya jengo moja la biashara kwenye Huanshi Zhonglu, ghorofa ya juu, pale ambapo harufu ya nyama choma ya mkahawa wa chini hupanda na lifti. Baba humwita laobani, kama wanavyoitwa wenye maduka wote hapa. Mimi huenda na Baba kila Jumamosi kwa sababu Kichina chake kinaishia kwenye bei na salamu. Mama ana kazi yake mwenyewe: hununua vitambaa kule Zhongda na kuvipeleka Kangle kushonwa sare za shule za kwetu. Basi mimi ndiye mdomo wa Baba tangu niwe na miaka kumi. Wenye maduka wananijua. Wananipa peremende halafu wananipandishia bei.

Bosi Chen aliishika ile picha ambayo umesimama chini ya ngazi. Umevaa sweta yako ya buluu na una birika mkononi, kwa kuwa Baba alikuita kutoka jikoni na kukuambia usisogee. Nyuma yako dirisha la ukumbi linaonekana vizuri sana. Lakini Bosi Chen hakuliangalia dirisha. Aliangalia ngazi, kisha mbao za mwerezi za ukutani, kisha ngazi tena.

"Nyumba ya Kiingereza," alisema. "Huyu mama ni mtumishi wa hapo?"

Baba akaniuliza amesema nini. Nikamwambia vile vile alivyosema.

Baba aliweka kalamu mezani. Nilidhani atakasirika, lakini alicheka kile kicheko chake cha puani. "Mwambie ni mwenye nyumba," alisema. Halafu, kwa kuwa Baba ni mtoto wako na hawezi kusema uongo akiwa ametulia, akaongeza, "Mwambie ni mwenye nusu."

"Nusu ya nini?" aliuliza Bosi Chen.

Ikabidi nimweleze, na nilimweleza kwa maneno yako kadiri Kichina changu kilivyoweza kuyabeba. Kwamba Mwingereza mmoja, askari, alipewa shamba juu ya Kitale baada ya vita vya kwanza, akajenga nyumba kwa kukumbuka ile aliyozaliwa kule kwao, ambayo kaka yake alikuwa ameiuza. Kwa sababu alijenga kwa kukumbuka, madirisha ya mashariki hayalingani na ya magharibi. Kwamba watu walimwita Bwana Mvua, maana kila asubuhi alitoka na suruali ya kulalia kupima mvua ndani ya chupa, hata kiangazi. Alipozeeka aliiuza kwa Mwingereza mwingine, mkulima wa mahindi aliyefuga mbwa kwenye chumba cha kulia, na huyo naye Uhuru ulipokaribia akauza, akaondoka na mbwa wake. Kwamba ninyi walimu na wakulima na watu wa reli mlichanga, mkanunua shamba zima kama kampuni, kisha mkapiga kura za viwanja. Mpima ardhi akakata viwanja kwa rula juu ya ramani, na kwenye ramani hiyo nyumba haikuwamo. Mstari ukapita katikati ya ukumbi. Kuurekebisha kungemaanisha kuisogeza mistari yote na kupiga kura upya, na hakuna aliyetaka kurudisha kiwanja kizuri alichokwisha kukishika. Mkaacha ukapita.

Nikamweleza kwamba upande wako ulikuwa na jikoni, tangi la maji na meko ya ukutani, na upande wa jirani yako Babu Makokha ulikuwa na mlango mkubwa na ngazi. Vyumba vyako vya juu vilikuwa vyako kabisa, ila njia ya kuvifikia ilikuwa ngazi yake. Naye hakuwa na tone la maji isipokuwa kwenye bomba lako.

Nilidhani Bosi Chen atacheka. Alicheka, lakini baadaye. Kwanza alisema, "Kwetu pia." Kumbe zamani, babu yake alipokuwa kijana, nyumba ya tajiri wa kijiji chao iligawanywa kwa maskini, chumba chumba. "Babu yangu alipata jikoni," alisema. "Familia nzima ililala jikoni, na waliopata chumba cha kulala wakapikia kitandani." Hapo ndipo alipocheka. Nikamuuliza kwa adabu nyumba hiyo iko wapi sasa. Akanyoosha kidole dirishani, kuelekea kusini. "Chini ya barabara."

Baba akauliza tunaongea nini muda wote huo. Nikamwambia tunaongea kuhusu nyumba.

Wiki iliyofuata Bosi Chen alitupeleka nje ya mji kwa gari lake. Nyanya, ningekuwa na uwezo ningekupa macho yangu ya siku ile. Ni mtaa mpya, mashamba ya juzi, na sasa ni majumba ya Kiingereza mstari mzima, yote sawa kama mikate ya duka. Langoni anasimama mlinzi mwenye koti jekundu na jasho. Kila nyumba ina dohani juu ya paa. Nilitafuta meko chini yake, sikuona. Nikamuuliza Bosi Chen moshi unatoka wapi. "Moshi wa nini?" aliniuliza.

Ndani ya nyumba ya maonyesho kuna rafu za vitabu mpaka darini. Nilikwenda kuvuta kimoja, unajua mkono wangu ulivyo. Kikaja na wenzake wote, maana ni ubao mmoja uliochorwa migongo ya vitabu. Nilijisikia vibaya kama mtu aliyemfunulia mwenzake nguo. Nikaurudisha polepole.

Na katikati ya nyumba kuna shimo. Wamejenga ghorofa mbili na kuacha mahali pa ngazi wazi, na ngazi ya fundi imeegemezwa pale kwa muda. Wenye mtaa ni rafiki zake Bosi Chen, na wanataka kitu halisi cha zamani, ili wanunuzi wakiingia washike mbao iliyoshikwa kweli na watu. Kontena zinazobeba mizigo kwenda Mombasa hurudi karibu tupu, alisema, kwa hiyo kusafirisha si kazi. Anataka ngazi, mbao za ukutani na mawe ya meko, vyote pamoja. Kimoja bila kingine hataki.

Baba alisimama chini ya lile shimo akatazama juu kwa muda mrefu. Mimi nilijua hapo hapo kwamba atakubali.

Usimkasirikie. Nilikuwa nimeanza kumkasirikia mimi, mpaka usiku ule alipotueleza mezani jambo ambalo sikuwahi kulisikia. Alisema, "Mimi nimelelewa nikipiga hodi ili nikalale." Alisema kila jioni, hata akiwa na homa, alitoka jikoni kwako, akavuka ule mstari, akagonga kwa Babu Makokha na kusubiri akaribishwe, ndipo apande kitandani kwake mwenyewe. Wenzake shuleni walimwita Mpangaji. Alisema aliapa akiwa mdogo kwamba siku moja atamjengea mama yake nyumba yenye ngazi ambayo hakuna mwingine atakayeikanyaga bila ruhusa yake. Mchoro wake upo. Chumba chako kipo kwenye mchoro huo, chini, karibu na jua la asubuhi. Na vigae vya bafu ulivyochagua kwa simu, vile vya rangi ya maziwa, viko ghalani hapa Guangzhou bado. Hajavisafirisha. Siwezi kumuuliza kwa nini.

Anataka kujenga pale pale palipo na nusu yako, kwa sababu ndipo penye maji na ndipo ulipokaa. Ndiyo maana nyumba ya Bwana Mvua lazima iondoke.

Alipompigia Shangazi kumwarifu, aliiweka simu kwenye spika ili Mama asikie. Shangazi hakumsalimu mara ya pili kama kawaida yake.

"Wewe umesahau kwamba nyumba ya mzazi haibomolewi na mkono wa mtoto?" alisema. "Mzazi akienda, nyumba yake huachwa ianguke yenyewe."

"Hiyo ni nyumba ya udongo, dada yangu. Ya udongo huanguka. Hii ya mawe na mwerezi itaanguka lini? Itatuzika sisi na wajukuu wetu."

"Basi itatuzika. Kwani una safari nyingine?"

Mama alicheka, akaufunika mdomo. Baba akasema polepole, kama mtu aliyekwisha kulipima neno lake, "Wala si mkono wangu utakaobomoa. Ni Mchina atakayeleta mafundi wake. Mkono wa mgeni si mkono wa mtoto."

Shangazi akasema, "Umesoma wewe," akakata simu.

Tangu hapo Baba hutembea kama mtu aliyeshinda kesi ambayo hakutaka kuishinda. Sikukuta mwiko huo kitabuni, Nyanya, wala wewe hukunieleza. Labda uliona si wa kumwambia mtoto. Lakini nimekuwa nikiufikiria hata darasani. Mwalimu wa jiografia aliniita nikasimama bila kujua ameuliza nini.

Baada ya Shangazi, Baba alimpigia Babu Makokha, maana bila ngazi hakuna biashara. Silvesta mwanawe amekwisha kukubali, ila ngazi si ya Silvesta maadamu mwenyewe anapumua. Baba alinipa simu nimsalimie kwanza.

"Nani? Sema kwa nguvu, huku kuna upepo."

"Ni Nekesa, Babu."

"Nekesa wa bomba? Mjukuu wa maji?" Hajaacha kuniita hivyo. "Wamekulisha nyoka au bado?"

"Bado, Babu."

"Wakikulisha uniambie ladha yake, usinifiche."

Baba akaiweka simu kwenye spika, akamweleza habari za Mchina. Babu Makokha akauliza mtu wa mbali hivyo atakaa wapi na ngazi bila nyumba. Akaambiwa nyumba ipo, inasubiri ngazi. "Basi mwambie ina mchwa," alisema. "Aongee na mchwa kwanza, wao ndio wakubwa." Nilicheka. Nilifurahi, nikadhani huko ndiko kukataa.

Lakini alipofika kwako, Mwalimu kama anavyokuita bado, sauti yake ilibadilika. Alisema, "Unajua, tangu Mwalimu aondoke hakuna anayepanda. Magoti yangu yamegoma. Silvesta akija hulala mjini. Mchana jua likiwaka naisikia inalia yenyewe, mbao kwa mbao, nami nasema, huyo ni Mwalimu anapanda, halafu nakumbuka." Kisha akasema, "Ngazi isiyopandwa ni kuni tu. Labda huyo Mchina ana watoto."

Hakusema ndiyo, hakusema hapana. Alisema Jumamosi ataongea na Bosi Chen mwenyewe, sauti kwa sauti, na huyo huyo mjukuu wa maji amtafsirie kila kitu, hata akitukanwa.

Nyanya, unakumbuka ule ugomvi wa mbuzi? Mimi nilikuwa mdogo, tulikuwa hatujahamia huku. Mbuzi wake alikula mboga zako, ukasema neno, naye akasema neno, akafunga ngazi kwa kufuli. Wewe ukafunga bomba. Tukalala sote sebuleni mbele ya meko, na mimi niliona ni sikukuu. Ilikuwa hivyo mpaka Jumapili asubuhi. Alikuja mlangoni kwa jikoni amevaa suti ya kanisani na ndoo mkononi, akasema, "Mwalimu, mtu hawezi kwenda mbele ya Mungu na soksi hizi." Nawe ukamjibu, "Wala hawezi kuomba msamaha akiwa amelala kwenye majivu." Mkafungua vyote viwili bila kusema samahani. Nilipokuuliza nani alishinda ulinituma kwake nimpelekee chai.

Ulikuwa ukinituma kwake mara nyingi. Nilikuwa nikivuka ule ukumbi na maneno yako kichwani, na siku moja nikaongeza yangu, nikamwambia umesema aniletee mua. Akauleta. Ukanikalisha, ukasema, "Mbeba ujumbe haonji." Hukunipiga. Sentensi hiyo peke yake. Kila Jumamosi dukani naikumbuka. Bosi mmoja aliwahi kumwita Baba mshamba, nami nikalitafsiri, na Baba akalipokea vizuri kuliko nilivyoweza kulitoa.

Sasa nakuja kwenye jambo langu.

Mama akitaka sare, hapeleki maelezo Kangle. Anapeleka sketi moja. Wale mafundi wanaifumua, wanaipima, na kabla ya jua kutua sketi zinatoka nyingi mpaka huwezi kujua ipi ilikuwa ya kwanza. Hapa watu wananakili viatu, simu, mikoba, makanisa. Na nyumba yenyewe ya Bwana Mvua ni nakala. Aliinakili kutoka kichwani, tena akakosea madirisha, na hakuna aliyemwambia si halisi. Kwa nini basi Bosi Chen asipeleke fundi mmoja na futi na kamera, apime ngazi ya Babu Makokha, apige picha kila mkunjo, aje achonge yake huku? Mwerezi anaweza kuununua popote. Mikono ya watu itaishika ikishafika, nayo itakuwa imeshikwa kweli.

Na Baba anaweza kujenga karibu na tangi, upande wa zizi la zamani. Nimepima kwenye mchoro wake kwa rula yangu ya shule. Panatosha, hata na ngazi yake mwenyewe, na hata jua la asubuhi lipo. Nusu yako ingebaki. Shangazi anasema chama cha akina mama hakina mahali pa kukutania. Babu Makokha angesikia miguu tena. Na siku nitakaporudi ningepiga hodi kwake. Mimi ningependa kupiga hodi. Labda ni kwa sababu sikulazimishwa.

Nilimwambia Mama tu, tukiwa tunakunja vitambaa. Alinisikiliza mpaka mwisho, jambo ambalo si la kawaida kwake. Akasema, "Ni mazuri. Lakini wewe hapo ni bomba, Nekesa. Maji yakiwa machungu hakuna anayelaumu bomba." Alitaka kunituliza. Sikutulia. Bomba lako lilifungwa siku ile, na lilikuwa na sababu.

Nimeamua hivi. Ijumaa, Baba akishakula, kabla hajawasha redio, nitamwambia yote, na mchoro nitauweka mbele yake, uso kwa uso, si dukani mbele ya watu. Sitaingiza neno langu ndani ya neno la mtu mwingine Jumamosi. Nakuahidi hilo. Baba akisema nimweleze Bosi Chen, nitamweleza kwa Kichina kizuri kuliko vyote nilivyowahi kusema. Nina matumaini kidogo. Baba akiwa ametulia husikia, na vile vigae vya rangi ya maziwa hajavipeleka.

Lakini akisema hapana, nitakuwa nimeshika simu mkono huu na macho ya Bosi Chen yananitazama, na Babu Makokha upande wa pili ananguruma kwenye upepo. Mmoja atauliza, mwingine atajibu, na njia yote itapita kwangu. Ikifika pale pa kusema "chukua", ni sauti yangu itakayosema. Baba atakuwa hajagusa kitu. Mafundi watakuwa hawajui Mwalimu alikuwa nani. Katika watu wote watakaokuwapo, mimi ndiye peke yangu niliye wa damu yako na nitakayefungua mdomo.

Sijalala vizuri kwa hilo. Mama anadhani ni mitihani.

Nimeandika mpaka ukurasa umeisha na mkono unauma. Mvua inanyesha hapa, ile nyembamba ya Aprili isiyokoma, na nguo za Mama zimetundikwa ndani nyumba nzima. Lala salama, Nyanya. Msalimie Babu, mwambie barua zake zimo bado ndani ya Biblia, Shangazi ameitunza. Mwakani nikimaliza darasa hili Baba amesema nitakuja, na nikija nitaanzia kaburini kwako pale chini ya ua kabla ya kuingia mlango wowote, ziwe kuta zimesimama au hazipo. Hiyo pia ni ahadi.

Sasa naomba jibu, tena mapema, kabla ya Jumamosi, kwa ndoto au kwa njia yoyote wanayokuruhusu huko. Mimi Nekesa wako nauliza: mwiko ulitaja mkono wa mtoto. Mdomo wa mjukuu nao umekatazwa, Nyanya, au wazee hawakuufikiria?